Mposaji Aliyenyamaza Kuliani Kwangu

Leo nilikaribia kumfukuza mposaji wa binti yangu, hapa Ibra, Omani.

Miaka ya tisini alikuwa DJ Uingereza, miongoni mwa watu wa mwanzo kupiga muziki uitwao dramu na besi. Watu wakicheza mpaka alfajiri. Kazi hiyo naitilia shaka.

Nilimketisha kuliani kwangu, kama ilivyo ada kwa mgeni. Kahawa ilipopita, nikamwinamia, nikamuuliza kwa siri nisimfedheheshe mbele ya wazee wake: "Ulevi umeuacha?"

Akamega halwa.

Nikarudia mara tatu. Yeye anatafuna halwa tu!

Nikaweka kikombe chini. "Bwana, anayekwepa swali hili haozwi kwangu."

Hapo binti yangu, Zuwena, akapaza sauti nyuma ya pazia: "Baba, hakusikii! Sikio lake la kushoto limeharibiwa na spika. Muulize upande wa pili!"

Nikahama, nikauliza tena.

"Nimeuacha miaka mingi, Ami," akajibu papo hapo.

Jibu zuri. Ningalimkubalia.

Lakini Zuwena aliniapia kuwa hawajapata kuketi pamoja hata siku moja.

Posa nimeiahirisha. Niambieni nyinyi: sikio amelijuaje?