Vitambaa Juu ya Kompyuta za Panda

Siku ile kompyuta zilipoingia mtaa wetu wa Panda, mwanangu, naikumbuka kwa sababu ya vitambaa. Umekuja kuniuliza wapi wanauza kufuli nzuri, ufunge chumba kipya cha kompyuta ulichokabidhiwa na wazazi wa mtaa. Nitakujibu, ila kaa kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Sisi ni watu tulioletwa. Babu zetu walitoka Kasai kuchimba shaba, na kazi ya mgodi ilipolegea, watoto wengi waliacha shule wakaingia mashimoni na magunia. Ndugu zetu walioishi mbali walituhurumia. Walituma kompyuta kadhaa ili vijana wajifunze kazi ya ofisini, zikawekwa katika chumba nyuma ya kanisa. Kamati ikampa baba yangu ufunguo, kwa kuwa alikuwa karani mstaafu na hakuna aliyemshuku.

Unazijua nyumba zetu. Kabati la vioo halikosekani, na ndani yake zimo sahani za wageni. Watoto hula kwenye bati, sahani nzuri zinamngoja mgeni ambaye pengine hana hata habari. Kompyuta nazo zilipokelewa hivyohivyo. Mchungaji akaziombea, akina mama wakazifumia vitambaa vyeupe, baba akafunga mlango. "Akiba haiozi," alipenda kusema.

Dada yangu Ngalula alikuwa akitafuta kazi ya ukarani katika ofisi moja huko Shituru. Sote tulimtegemea yeye, maana baba hakulipwa tena chochote. Ofisi ilitaka kwanza kumjaribu kuandika kwa kompyuta. Ngalula akachora vitufe vyote kwenye kipande cha boksi, akawa anajizoeza jikoni huku maji ya bukari, ugali wetu, yakichemka.

"Baba, miye naomba niguse ile mashini, hata kidogo," alimwambia.

"Ngoja bakubwa bakuye kukata kamba ya kufungua chumba. Weye ukiharibisha, tutabaambia nini?"

Wakubwa hawakuja, siku ya jaribio ikaja. Vidole vya Ngalula vilijua kila herufi ilipo, lakini boksi lake halikuwa na kile kipanya cha kushika mkononi. Mshale ukamkimbia kwenye kioo, akaona haya kuuliza, muda ukaisha. Aliporudi nyumbani aliliweka lile boksi motoni, chini ya sufuria. Niliumia sana, mwanangu, na sioni sababu ya kuficha.

Jioni hiyo Kaku, mama mzazi wa baba, alifungua kabati la vioo. Akatoa sahani za wageni na kuanza kutupakulia bukari humo.

"Mama, hizi ni za bageni," baba akasema.

"Mutoto amerudia na njaa," Kaku akajibu bila kugeuka. "Sahani yenye kufungiwa haishibishake mutoto. Na ile mashini yenye umefungia, iko ya nani?"

Baba alikula. Alipomaliza akanawa mikono, akauweka ufunguo mezani mbele ya Ngalula.

Kesho yake tulipoziwasha, tulikuta baadhi ya kompyuta zimekufa chini ya vitambaa vyao visafi. Akiba haiozi, lakini mashine huoza. Kazi ya Shituru ilikwisha kupata mtu, na maji yakimwagika hayazoleki. Ngalula akabaki na zile zilizowaka, akafundisha watu. Mama yako alijifunzia kwake. Ndiyo maana alikuwa na kazi ya kukusomesha.

Basi, mwanangu, kufuli utaipata sokoni, na uinunue, maana wezi wapo na tunawajua. Ila mchana mlango ukae wazi. Usimngoje mkubwa wa kukata kamba. Mtoto wa mchimbaji aketi, na yule aliyetoka Kapolowe na udongo wa shamba miguuni aketi, awe wa kabila letu au la wenzetu waliotupokea. Kompyuta ikiharibika mikononi mwa anayejifunza, haijapotea. Iliyopotea ni ile inayobaki mpya.

Mungu akulinde pamoja na chumba chako, na herufi za vitufe vyako zifutwe na vidole vya watoto kabla hazijafunikwa na vumbi. Amina.