Muvi ya mapenzi ya sarakasi: yule dada wa kamba kaniliza, mwisho wake umeniudhi

Wakuu, salamu kutoka Mpanda. Hii si chai, imenitokea mwenyewe. Anayeona natunga apite kushoto.

Kwanza mnijue. Mimi ni binti wa Kisukuma, wazazi walihamia huku Magamba na ng'ombe wao. Nacheza ngoma kwenye kikundi cha baba mdogo, zile ngoma zetu za nyoka. Mimi ndo yule anayezunguka uwanjani na chatu shingoni huku nyie mnakimbia mnaacha ndala.

Nina mchumba, Deus, Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, fundi simu hapa mjini. Mama yake alishamwambia wazi: "Mwenye majoka siwezi kumwita mkwe."

Kwa hiyo ili niolewe, niache ngoma. Deus mwenyewe hajawahi kutamka, ila nilijua siku yake ipo, na nilikuwa naiogopa.

Basi Jumapili moja baada ya misa akaniita kwake tuangalie muvi. Jina msiniulize, DJ aliyeitafsiri kalibadilisha.

Kuna dada anaruka kwenye kamba juu kabisa ya hema la sarakasi. Kijana wa mjini kila siku anakaa kiti cha mbele kumwangalia. Wanapendana.

Wakuu, nisiwe mnafiki, ni muvi kali sana. Wameonyesha viganja vya yule dada kwa karibu, vimejaa sugu. Nikaangalia vya kwangu.

Kuna sehemu anaanguka kwenye wavu, halafu anapanda tena. Hata DJ, na maneno yake yote, pale alinyamaza. Mimi nililia.

Na wale watu wa hemani wanavyogombana wakishona nguo, halafu jioni wanakula sufuria moja, ni sisi kabisa. Wamekosa ugali tu.

Sasa njoo mwisho. Kijana anasimama chini anamwambia, "Kama unanipenda, shuka." Dada anashuka. Hema linang'olewa linaenda zake, yeye anabaki anapanga sahani kwenye jumba la yule kijana, muziki mtamu, imeisha.

Nilichukia, wacha niseme. Huyu kaka si alimpendea kule juu? Sasa kamshusha ili apende nini?

Nikageuka, Deus kainamia rimoti. Nikaelewa kwa nini nimeitwa.

Kikundini kwetu kuna utaratibu mmoja: hupokei chatu kwa mtu mliyenuniana naye. Mnaongea kwanza, yanaisha, ndo anakuvisha. Nimekulia humo, kununa sijui. Nikamuuliza, "We Deus, ulitaka kuniambia nini?"

Akaweka rimoti chini. "Nilipanga ikiisha nikwambie kitu. Sasa nimekuona unavyolia yule dada alivyopanda tena, nimeshindwa."

"Kiseme tu."

"Hakipo tena." Halafu akaongeza, "Mimi hilo joka silishiki, nakwambia ukweli, naliogopa. Ila mkienda kucheza, sanduku lake ntabeba."

Nikacheka mpaka machozi yakarudi upya.

Nilichojifunza, wakuu: muvi inaweza kuharibika mwisho na bado ikakufaa. Na kwa wale mnaochumbiwa, msikae mnabashiri moyo wa mtu. Muulizeni.

Juzi tulicheza Katumba. Deus alibeba sanduku kutoka kwenye gari mpaka uwanjani, mikono kainyoosha mbele, jasho linamtoka, watoto wanamcheka. Hakuliweka chini hata mara moja.

Mtu alimpiga picha, na picha imeshafika Mamba. Mama yake katuita wiki ijayo, wote wawili, na hajasema kwa nini. Nyie mliowahi kukataliwa na mama mkwe kabla hata ya kukaribishwa kiti, mlianzaje? Nawasoma.