Katiba Imeoa?

Mimi kunyamaza sijui. Mama anasema nilizaliwa nikijibu. Na mwaka ule katiba mpya ilipotoka, nikapata nakala yake ya Kifaransa, nikakaa nayo barazani kwetu, mtaa wa Magoudjou kisiwani Ngazidja, na kamusi iliyong'oka jalada, neno kwa neno, mpaka nikaanza kujiona wakili. Shule niliacha mapema. Lakini pale palipoandikwa kwamba raia wote wako sawa, na kila mtu ana haki ya kusema analofikiri, sikuona cha kumuuliza mwalimu.

Swahiba yangu alikuwa fundi redio. Kazaliwa Majunga, ng'ambo ya bahari, akaja na wale wenzetu waliorudishwa kwa ndege baada ya fujo za kuwaua watu wa visiwa vyetu kule. Hana shamba, hana ukoo mjini, hana mjomba. Kibanda chake cha mabati kilikuwa pembeni mwa uwanja wa mtaa, na mzee mmoja mkubwa akaitaka ile kona, amjengee mkwewe duka. Kesi ikapelekwa kwa wazee, palepale uwanjani, baada ya alasiri.

Sasa kwetu uwanjani hasemi kila mtu. Anasema aliyefanya harusi kubwa, ile ya ng'ombe na dhahabu na kulisha mji mzima. Kama hujaifanya, hata uwe na mvi na wajukuu, wewe ni mtoto. Unakaa nyuma, unasikiliza. Serikali ya vijana iliyotangulia iliipiga marufuku harusi hiyo, na sisi tukaongea mpaka mate yakakauka. Kisha Wazungu mamluki wakaja usiku na bunduki zao, serikali ikaanguka, na wazee wakarudi kwenye mabaraza yao ya mawe. Hawakuwa wamesahau tulivyokuwa tukiwajibu.

Swahiba harusi hana, mimi sina. Mjomba wangu anayo. Akaahidi kumsemea. "Nyie mkae tu," akatuambia. "Niachieni mimi."

Nilikaa. Wallahi nilikaa. Mjomba akaanza taratibu, akausifu ukoo wa huyu, akamwombea dua baba wa yule, halafu akasema kijana huyu mgeni anaomba radhi. Anaomba radhi! Kwa kosa gani? Swahiba kainamisha kichwa pembeni yangu, ananibana goti, ananong'ona, "Tulia, ndugu yangu, tulia."

Nikasimama.

"Haombi radhi mtu hapa! Katiba inasema raia wote wako sawa!"

Yule mzee anayeitaka kona akanitazama kama anatazama mbuzi aliyeingia msikitini. Akauliza polepole, "Hiyo katiba yako, imeoa?"

Walicheka mpaka kofia zikawavuka. Hata vijana wa nyuma, wenzangu, walicheka. Na mimi nikishapanda moto sina breki.

"Na wale Wazungu walioingia usiku," nikasema, "mliwauliza kama wameoa? Mbona wao mnakimbilia kuwaamkia?"

Hapo hakucheka mtu. Mmoja alianza kutafuta viatu vyake. Neno kama lile likifika kambini kwa walinzi wanaoongozwa na Wazungu haohao, hakamatwi aliyelisema peke yake.

Baadaye mama ndiye aliyeniambia kwamba mjomba alishapita nyumba kwa nyumba, akapatana na wazee wote kabla ya siku ile. Swahiba angeomba radhi, kibanda kingehamishiwa upande wa pili wa uwanja, mambo yameisha. Hotuba ile ilikuwa ya heshima tu, kila mtu pale alijua mwisho wake. Isipokuwa mimi.

Kwa desturi yetu mtoto akikosa, anatozwa mjomba wake. Wangu akanyang'anywa haki ya kusema uwanjani. Salamu asijibiwe, karamuni asialikwe, mpaka atoe ng'ombe na mimi nije kuomba radhi mbele ya watu. Kibanda kikabomolewa. Mjomba hakunigombeza. Nilipoingia kwake alinisogezea sahani ya wali, akasema, "Uliyosema ni kweli, mwanangu. Kaa ule." Bora angenipiga. Nilikula huku macho yangu yako kwenye mkeka.

Swahiba alivuka bahari kwenda Mutsamudu, kisiwa kingine, kubeba magunia bandarini. Nikamfuata. Nilikuwa na mpango: tushitaki, mahakama ya serikali, si ya wazee. Karani mmoja alishanihakikishia kwamba shauri linasimama. Nikammwagia yote kwenye kivuli cha ghala, makuli wenzake wanatafuna mihogo na kunisikiliza.

"We Mngazidja," mmoja akaniuliza, "huyu unamtetea au unamnadi?"

Swahiba akajifuta unga kwenye kope. Vidole vilivyokuwa vikishika nyaya nyembamba kama nywele vilikuwa vimevimba.

"Tutashinda?"

"Tutashinda."

"Nikishafungua kibanda, nani ataniletea redio?"

Nikazipitisha kichwani ibara zote ninazozijua. Hakuna hata moja inayomlazimisha mtu kumpelekea fundi redio yake.

"Mjomba wako wameanza kumjibu salamu?"

"Bado."

"Na wewe hujaenda kuomba radhi."

"Niombeje radhi nami nilisema kweli?"

"Mimi nilikuwa tayari kuomba," akasema, "na sikuwa nimemkosea mtu. Nenda, ndugu yangu. Mzee wa watu anaumia." Akajitwika gunia, akaondoka.

Nilikwenda. Mjomba alishampata ng'ombe. Sikuthubutu kuuliza kauza nini. Niliinama mbele ya kila mzee, mmoja baada ya mwingine, na yule aliyeichukua kona akanishika mkono, akatabasamu. "Una neno jingine, wakili?"

"Sina."

Wakasoma Fatiha. Mjomba akapewa ruhusa ya kusema. Nikadhani atamtaja swahiba yangu, walau jina lake. Akazungumzia paa la msikiti, kwamba linavuja. Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyetoka kuugua, na kila baada ya maneno machache aligeuka kutazama nyuma. Ilinichukua muda kutambua kwamba ananitazama mimi, anaogopa nisije nikasimama. Nikalishika jiwe nililokalia kwa mikono yote miwili, ili aone.