Kugombea Kiti cha Baba Mkwe

Binti yangu alikuwa gredi ya sita alipoanza kukataa uji wa asubuhi. Mwanzoni nilidhani ni maringo ya umri. Nikaongeza sukari, nikabadilisha unga, naye akaendelea kusukuma kikombe akisema ameshiba. Kisha akashikwa na homa na maumivu chini ya kitovu. Nesi wa zahanati aliniambia kwamba mtoto huyu hanywi maji, na haja ndogo anajizuia kutwa nzima.

Nilimuuliza tukirudi nyumbani. Tulipopita mashamba ya majani chai akasema kwamba vyoo vya wasichana shuleni havina milango. Ya zamani ilioza, ikang'olewa, haikurudishwa. Wasichana hushikiana sweta pale penye uwazi, lakini wavulana wakubwa wa sekondari ya junia hupita upande ule ule kwenda uwanjani. Wengine, siku zao za mwezi zikifika, hubaki nyumbani na kusema wanaumwa kichwa.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha duka moja sokoni Birongo, na sare nyingi za shule ile zimepita mikononi mwangu. Niliwapima wasichana wale mabega na viuno, tukacheka pamoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunidokezea. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Nilikwenda kumwona mwalimu mkuu. Ni mtu mpole, alinipa kiti na kunisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe aliliandika kwenye ajenda ya bodi zaidi ya mara moja. "Likifika hapo, wazee wanaona haya, mama," alisema. "Wanaliruka wanaenda kwenye habari ya geti." Bodi ilikuwa inataka kujenga geti jipya kubwa upande wa barabara. Mwalimu mkuu alisita kidogo, kisha akasema kwamba muda wa bodi unakwisha muhula huo, na wazazi watachagua mwakilishi wao upya.

Nilipotoka ofisini mwake nilijua tayari kiti hicho ni cha nani.

Kilikuwa cha baba mkwe wangu. Baba mzazi wa mume wangu alifariki kabla sijaolewa, na aliyesimama mahali pake ni mdogo wake. Yeye ndiye aliyekuja kwetu Marani kuzungumza mahari. Yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kujenga nyumba yangu. Ni mzee wa kanisa, si mlevi, si mwizi, na mtoto wake wa mwisho anasoma shule hiyo hiyo. Sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Angekuwa mtu mbaya, kazi yangu ingekuwa rahisi.

Tena kuna mila. Kwetu Wagusii, mwanamke na baba mkwe wake, pamoja na ndugu wote wa baba mkwe, wana haya ya heshima kati yao inayoitwa chinsoni. Simpi mkono. Siingii chumba anacholala. Na neno lolote la mwili, la chooni, la damu, haliwezi kutoka kinywani mwangu akiwa anasikia. Sasa nilitaka kusimama mbele ya mkutano, yeye akiwa ameketi pale, nigombee kiti chake, na jambo langu pekee lilikuwa choo.

Nilimpigia mume wangu simu. Anaendesha gari la kusambaza mikate Nakuru, huja nyumbani mwisho wa mwezi akipata ruhusa. Alinisikiliza, akauliza kama nimechanganyikiwa.

"Nikija Desemba nitamtazama vipi usoni?" aliniuliza. "Huyo ndiye baba niliyebaki naye."

Nilimweleza habari ya mtoto, neno kwa neno kama nilivyoelezwa na nesi. Aliuliza kama ameshapona. Mwishowe akasema hanikatazi, ila nisimtume yeye kupeleka habari kwa mzee.

Basi niliyemtuma ni mama mkwe, mama mzazi wa mume wangu. Huyu tunaishi naye boma moja, na yeye pia analea mjukuu mwingine anayesoma pale, kwa hiyo shuleni anahesabiwa kama mzazi. Hakunilaumu wala hakunitia moyo. Alijifunga leso, akavuka kijito kwenda kwa shemeji yake, akarudi jioni wakati nachambua mboga. Nikamuuliza mzee amesemaje.

"Amesema amesikia," akanijibu.

Hayo ndiyo yote. Amesema amesikia. Maneno hayo niliyageuza kichwani kila nilipokaa kwenye cherehani. Amesikia na amekasirika? Amesikia na ananingoja huko mbele? Nilishona kola ya shati moja ikiwa imegeuzwa ndani nje na sikugundua mpaka mwenyewe alipolivaa. Nikisikia watu wakicheka upande wa pili wa soko, nilikuwa na hakika wananicheka mimi.

Na kweli walikuwa wakinisema. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, mtu aliandika kwamba wanawake wengine wakikosa waume nyumbani hutafuta vyeo. Mwingine akasema mimi ni mtu wa Marani, nitarudi kwetu wakati wowote, nitajua nini cha shule yao. Nilisoma hayo nikiwa nimesimama jikoni, ugali unaungua. Nilianza kuandika jibu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, kisha nikaizima simu nikaiweka juu ya kabati kana kwamba itaniuma.

Nilizunguka kwa akina mama niliowajua. Walinikaribisha chai, wakaniuliza habari za mtoto, wakasema tutaonana siku ya mkutano. Hakuna aliyeniambia ndiyo. Niliwaelewa. Kura za shule yetu si za karatasi. Kila mgombea husimama mahali pake, na wanaomtaka hupanga mstari nyuma yake. Kila mtu anaona mgongo wa kila mtu. Mama anayesimama nyuma yangu angerudi nyumbani kwa mume anayesali na baba mkwe wangu, anayeuza majani chai naye, anayemtegemea siku ya msiba.

Sabato ya mwisho kabla ya mkutano, mzee aliombea kanisa zima. Aliomba amani katika familia. Huenda ndiyo sala aliyozoea kuiomba. Mimi niliinamisha kichwa, nikihisi kwamba safu nzima ya nyuma inanitazama shingo.

Siku ya mkutano mvua ilianza mapema kuliko kawaida. Tulikusanyika katika madarasa mawili ambayo ukuta wake wa mbao hufunguliwa yakawa ukumbi. Afisa wa elimu aliyekuja kusimamia hakuwa Mgusii, kwa hiyo mkutano ulikuwa wa Kiswahili. Nilishukuru kwa hilo. Neno choo kwa Kiswahili nilifundishwa darasani, halina uzito sana mdomoni. Kwa Ekegusii, neno hilo hilo lina mama yangu ndani yake, akinikanya.

Baba mkwe alizungumza kwanza. Alizungumza kidogo na vizuri. Alisema shule isiyo na geti ni kama boma lisilo na mwenyewe, kwamba ng'ombe wanaingia na wageni wanaingia, na akawaomba wazazi waendelee kuelewana. Walimpigia makofi. Akarudi kuketi mstari wa mbele, kofia juu ya goti.

Afisa akaniita. Nilisimama mbele ya ubao, nikawasalimia watu, wakaitikia. Kisha nikafungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Nilikuwa nimejizoeza maneno yangu kwa siku nyingi nikikanyaga cherehani, lakini sikuwahi kujizoeza nikiwa na uso wake mbele yangu. Niliangalia dari. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na kwa muda nilitumaini itazidi ili pasiwe na haja ya kusema lolote. Mtu mmoja nyuma akakohoa, mwingine akacheka kidogo.

Ndipo baba mkwe akainuka. Alichukua kofia yake na kumgeukia afisa, si mimi.

"Naomba nisimame nje kidogo," alisema. "Huyu ni mkamwana wangu. Nikiwa hapa hataweza kuongea."

Akatoka. Alisimama chini ya upenu wa darasa, ametugeuzia mgongo, mvua ikimrukia miguuni. Mpaka leo watu hawajakubaliana kwa nini alifanya vile. Wako wanaosema alinipa heshima yangu. Wako wanaosema alitaka watu wote waone kwamba mwanamke anayemtoa baba mkwe nje kwenye mvua hafai kuchaguliwa. Mimi sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilijua tu kwamba anaweza kurudi.

Nilizungumza haraka, nikimtazama afisa. Niliwaambia mtoto wangu aliugua kwa sababu hanywi maji, na hanywi maji kwa sababu choo cha wasichana hakina mlango. Nilieleza habari ya masweta. Nilieleza kwa nini wasichana wanakosa shule siku fulani, na niliyataja mambo kwa majina yake. Wanaume kadhaa walitazama sakafu. Mmoja alitoka. Mwisho niliuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga.

"Kuna mzazi hapa ambaye choo cha nyumbani kwake hakina mlango?"

Nikaketi bila kungoja jibu.

Baba mkwe aliitwa ndani, suruali imelowa mpaka magotini. Tukasimamishwa yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, na watu wakaambiwa wapange mistari. Wa kwanza kuinuka wote walikwenda kwake. Mzee baada ya mzee, kisha vijana, kisha akina mama niliokunywa chai yao. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, na nilihisi ubaridi wa mlango ule mgongoni. Kisha mama mmoja mwenye mimba kubwa akavuka darasa polepole, akaja kusimama nyuma yangu bila kunitazama. Akaja mwingine na mwanawe mgongoni. Baadaye sikuweza kugeuka kuangalia, nilisikia viatu tu vikiburuzwa na madawati yakisukumwa.

Mama mkwe hakuinuka. Alibaki peke yake katikati ya ukumbi, mikono mapajani, mistari miwili ikipita pembeni mwake. Afisa alimuuliza anamchagua nani. Akasema miguu inamuuma, wahesabu tu bila yeye.

Walihesabu mara mbili kwa sababu mistari ilikuwa inakaribiana. Nilishinda kwa watu wachache sana. Watu walipiga makofi, ila si kwa nguvu, kama wanaoogopa kumwamsha mtu. Sikufurahi. Jambo la kwanza lililonijia ni kuwaomba wapange mistari upya. Baba mkwe alivaa kofia, akamwambia afisa, "Mwambie afanye kazi," akaenda zake.

Jioni hiyo mama mkwe alipika yeye, akanipakulia, akakaa kunitazama mpaka nikala. Hatukuzungumza habari ya shule. Mume wangu alipiga simu akiwa ameshasikia kila kitu kwa watu wengine. Aliniuliza kama mzee alipata homa kutokana na mvua ile. Nikasema sijui. Akasema nitafute kujua.

Hakupata homa. Alipata kiti kingine. Wiki chache baadaye kanisa, ambalo ndilo mfadhili wa shule, lilimteua yeye kuwa mwakilishi wake kwenye bodi. Mwalimu mkuu aliponiambia nilihisi nimerudishwa kwenye ubao ule, mdomo wazi. Nilikuwa nimegombana na mila mbele ya watu wote, na sasa ningekaa nayo kwenye meza moja kila muhula.

Kikao cha kwanza kilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, chumba kidogo. Nilifika mapema nikachagua kiti cha pembeni. Mzee aliingia, akasalimia chumba, akavuta kiti chake akakigeuza kikaelekea dirishani. Alikaa hivyo kikao kizima, akitazama miti ya blugamu, na mimi nilizungumza na mwalimu mkuu peke yake. Tulipofika kwenye habari ya geti, niliona midomo ya wajumbe inafunguka, na nikajua la vyoo litarukwa tena. Mzee akasema, bila kugeuka, kwamba geti lingoje. "Ianzwe ile kazi aliyoisema mwakilishi wa wazazi." Hakuitaja kazi yenyewe. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga. Hakukuwa na mtu.

Milango ilitengenezwa na fundi wa vyuma pale sokoni, ya mabati, yenye komeo la ndani. Nilikwenda kuijaribu mmoja mmoja saa ambayo wanafunzi walikuwa darasani, kwa hofu kwamba utakuwepo mmoja usiofungika.

Hofu hiyo haijaniacha. Njia ya kutoka shuleni ni moja, na mzee siku hizi anatembea polepole. Kikao kikiisha namwacha atangulie. Nasimama penye nguzo ya geti la zamani, nikijifanya natafuta kitu mkobani, mpaka kofia yake inapotelea kwenye kona ya migomba. Hajawahi kuniambia kama alikasirika, nami siwezi kumuuliza.