Siku Tuliyokwenda Kutazama Ndege

Mwezi uliopita niliteremka kwenye basi Newala nikakuta ukungu umefika mpaka milangoni mwa maduka. Utanicheka, lakini kabla hata sijachukua begi langu nilikuwa nimeshaanza kutazama juu.

Zamani hizo nilikuwa darasa la tatu, nikilelewa na bibi hapo hapo Newala. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa na kila mwenye miguu kazikimbilia, na mama naye alikuwa amekwenda Dar es Salaam kufuata mitumba. Mvua zikaanza, barabara ikakatika. Nilikuwa sikai wala sisimami. Kila nilipouliza mama atarudi lini, bibi alinitania huku akipepeta mtama, "Tulia, mke mwenzangu. Barabara ikiwa mbovu, si atakuja na ndege."

Basi mwalimu wetu wa sayansi aliposema kesho tunakwenda ukingoni mwa mlima kutazama ndege, mimi nilijua tunakwenda kumpokea mama. Nilivaa gauni la sikukuu, nikafunga korosho mpya za kukaanga kwenye kitambaa, tukaondoka katika manyunyu.

Ukingoni palikuwa peupe tu. Bonde la Ruvuma lote lilikuwa limemezwa. Mwalimu alikuwa na darubini ya mtumba, kioo kimoja ndicho kizima. Akaifuta kwa shati, akatazama, akaifuta tena. Alisema korongo hupita pale kila mvua zinapoanza. Mvua ikazidi. Roho juu juu, nikashindwa kunyamaza.

"Mwalimu, na ile ya mama inapita saa ngapi?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza taratibu mpaka akaelewa, kisha akachuchumaa karibu yangu.

"Yako haikuja, na wangu hawakuja," alisema. "Hebu tule hizo korosho."

Niliona uchungu kuzifungua, maana zilikuwa za mama. Nikazifungua. Zilikuwa zimelowa.

Mama alirudi kiangazi, juu ya lori la mizigo, na gauni lililonibana mabegani. Siku hizi barabara haikatiki. Ukipanda basi Dar alfajiri, jioni uko huku. Bibi hayupo tena, mwalimu alihama, na korongo sijui nani aliwaona mara ya mwisho.

Jioni ile niliyoteremka kwenye basi, mama alinipigia simu kuuliza kama nimefika salama. Nilitaka kumwambia kwamba siku moja nilikwenda kumpokea. Nikamwambia huku kuna ukungu.