Siku Jairus Alipoitwa Shuleni

Jairus si baba mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yatamfanya aonekane hivyo. Ni mtu wa Meru, mpole, mwili mkubwa, na kazi yake ni kusukuma wagonjwa kwenye viti na vitanda vya magurudumu katika hospitali moja huko Coon Rapids, Marekani, kutoka wodini hadi eksirei na kurudi. Wagonjwa wanampenda. Kanisani kwetu ndiye anayefika mapema kila Jumapili kupika chai na kukwangua theluji mlangoni, huku akinung'unika kwamba hakuna binadamu aliyeumbwa kuishi mahali ambapo kope zinashikana kwa barafu.

Lalamiko lake kubwa, hata hivyo, halikuwa baridi. Lilikuwa binti yake Nkatha, wa miaka minane, aliyezaliwa huku, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Si kwamba haelewi. Mnong'oneze kwa Kiswahili kwamba kuna chapati jikoni uone atakavyokimbia. Lakini kujibu hajibu. Jairus aliligeuza kuwa mzaha. Baada ya ibada angemwita mbele yetu amwambie asalimie watu, mtoto aseme "Hi," naye atugeukie atangaze kwamba amezaa Mzungu. Tulicheka. Mtoto naye alicheka, au alituonyesha meno tu, sikumchunguza sana.

Chini ya mzaha huo mwanamume alikuwa anaumia. Aliwahi kuniambia, tukiwa tunaosha vikombe, kwamba siku Nkatha atakapomsemesha Kiswahili kwa hiari yake, hata sentensi moja tu, atachinja mbuzi, kama kuna jirani wa Coon Rapids atakayemwacha achinje mbuzi bila kuita polisi.

Mambo yote ya shule yalikuwa ya mkewe, Fiona. Yeye ndiye aliyejua mwalimu ni nani, basi linapita saa ngapi, siku gani mtoto abebe buti na suruali ya theluji. Januari hii Fiona alilazimika kwenda Kenya, mama yake alianguka akavunjika nyonga, na Jairus akabaki peke yake na Nkatha. Kila Ijumaa shule iliendelea kutuma kwenye simu za wazazi habari zake za majira ya baridi: siku ambazo shule ingefungwa kwa sababu ya baridi kali, glavu zilizookotwa, na kile ambacho kila darasa linajifunza. Jairus hakuzifungua hata moja. Kwake yeye mwalimu anafundisha, mzazi analisha, na kila mtu akitimiza lake hakuna haja ya kusumbuana.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na wewe msomaji wa kwetu utalielewa kuliko mwalimu wa Nkatha, ambaye ni Mmarekani. Kule alikosomea Jairus, mzazi haendi shule hivi hivi. Anaitwa, na akiitwa ujue kuna balaa. Mtoto aliyetumwa kumwita mzazi anatembea kurudi nyumbani kama anayekwenda mazishini. Baba yake Jairus aliitwa mara moja tu. Alifika amevaa koti lake la kanisani, akasikiliza habari ya dirisha lililovunjwa, akamchapa mwanawe palepale gwarideni mbele ya shule nzima. Jairus anasema fimbo aliisahau. Asichosahau ni safari ya kurudi nyumbani, baba akiwa mbele, hageuki nyuma hata mara moja.

Basi Jumatatu moja, akiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali anasubiri barafu ya kioo iyeyuke, akakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mwalimu wa Nkatha. Mwalimu alisema, kwa ukarimu wote, kwamba angependa sana amwone darasani Alhamisi mchana. Alisema ni jambo la maana kwa Nkatha na kwamba asingependa baba alikose. Hakueleza zaidi, kwa sababu mtoto mwenyewe alimwomba asieleze. Jairus aliusikiliza ujumbe ule mara ya pili, na kwa anavyosimulia, alijiona kama ndiye mwenye miaka minane yeye.

Mchana ule chumbani mwa mapumziko alimuuliza Ken, Mkenya mwenzake wa pale kazini, kana kwamba anauliza kwa niaba ya mtu mwingine, mzazi akiitwa shule huku inamaanisha nini. Ken alimjibu kwamba huku wanakuita hata mtoto akifanya vizuri. Jairus akajiambia moyoni kwamba Ken hana mtoto, atajua nini. Hilo ndilo linaloniudhi mimi mpaka leo. Aliuliza, akajibiwa, akalitupa jibu.

Jioni alimsimamisha Nkatha kabla hata hajavua koti.

"Umefanya nini shule? Teacher ameni-call."

Nkatha alitabasamu, akajiziba mdomo kwa kiganja. "Nothing, Daddy. You just have to come."

Kwa mtu anayetafuta hatia, tabasamu lile lilikuwa ushahidi tosha. Alimbana. Alimuuliza kama amepiga mtu, kama ameiba, kama amemjibu mwalimu vibaya. Tabasamu likaisha, mtoto akaanza kulia, na kadiri alivyolia bila kusema ndivyo baba alivyozidi kuamini kwamba jambo lenyewe ni zito. Utasema, si angemwambia tu? Lakini alikuwa ameitunza siri yake kwa majuma, na nadhani mpaka hapo haikuwa na utamu tena wa kumfunulia mtu aliyemkunjia uso hivyo. Jairus akamfutia safari ya Jumamosi, ya kwenda kuteleza kwenye theluji kilimani na watoto wa kanisani. Kisha akamwambia neno ambalo angelipa chochote leo kulirudisha.

"Umeniaibisha, Nkatha. Mimi siji huko. Kama ni makosa yako, teacher ata-deal na wewe."

Alilisema kwa Kiswahili, na nimeshakueleza kwamba Kiswahili mtoto anakielewa.

Alhamisi Jairus aliomba zamu ya mchana, akasukuma vitanda mpaka jioni. Hakumpigia Fiona simu, hakutaka kumwongezea mzigo huko aliko. Aliporudi, mtu wa kwanza aliyemkuta mlangoni pake alikuwa Mama Christina, amesimama kwenye baridi amejifunga shali mpaka puani, amemrudisha Nkatha kutoka shule, naye mtoto ameshaingia ndani.

Mama Christina ni Mtanzania, mwalimu wa watoto pale kanisani, mwenye Kiswahili cha kunyooka ambacho sisi Wakenya tunakitania na kukionea wivu. Mjukuu wake, Ian, yuko darasa moja na Nkatha, kwa hiyo Alhamisi ile alikuwa ndani ya darasa hilo. Yeye ndiye aliyemweleza. Watoto walikuwa wamejifunza kinachoishi chini ya theluji. Walitoka uwanjani na vipimajoto, wakavifukia, wakaona kwamba karibu na udongo hakuna baridi kama juu, na kwamba panya wadogo hupitisha majira yote huko chini, wakitembea kwenye vijia vyao bila kuonekana. Siku ile kila mtoto alisimama mezani pake amweleze mzazi wake, na mwalimu aliwaruhusu watumie lugha ya nyumbani.

Nkatha alikuwa amechagua Kiswahili. Tangu kabla ya Krismasi alikuwa akimfuata Mama Christina kwenye chumba cha chini cha kanisa, sisi tukinywa chai juu na baba yake akitangaza kwamba amezaa Mzungu. Alijifunza yote kwa moyo, tangu theluji hadi panya, na akarudia kila neno lililomshinda mpaka likakubali.

"Alikuwa aanze hivi, baba Nkatha," Mama Christina akamwambia. "'Baba, karibu darasani kwangu. Leo mimi ndiye nitakayekufundisha.'"

 Jairus alimuuliza, sasa mtoto alifanya nini?

Nkatha alisubiri, akasema Mama Christina. Wazazi wengine walizunguka meza hadi meza, yeye akawa anatazama mlango. Mwalimu alikuja kumsikiliza, Nkatha akamwambia asante, anamngoja baba. Mwisho Mama Christina alimwendea, akamwambia basi niambie mimi, mwanangu. Nkatha akamjibu kwamba yeye, Mama Christina, anayajua tayari.

Nimemuuliza Jairus alijisikiaje, naye hakuzunguka. Alisema alitamani ardhi ipasuke. Alisema alimwona baba yake, mgongo tupu, akitembea mbele, na akajua kwamba mgongo huo sasa ni wake.

Alijaribu kurekebisha, hilo usimnyime. Usiku huohuo alizima televisheni, akakaa kwenye kochi, akamwita. Alimwomba msamaha, neno ambalo yeye hakuwahi kuambiwa na mzazi. Akamwambia, "Nifundishe sasa, mama. Baba yako ameketi, anakusikiliza."

Nkatha alimwangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyomkata maini. Hakununa wala hakufoka. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba haina neno, tena ameshasahau. Jumamosi alipelekwa kilimani akateleza na wenzake, akarudi mashavu mekundu, akashukuru vizuri. Angalau angekasirika, anasema Jairus, hasira ungeijua pa kuishika.

Fiona amesharudi. Alipoambiwa, alikwenda chumbani akakaa na mtoto mlango umefungwa. Jairus naye sasa anasoma habari zote za shule, hata ile ya glavu zilizookotwa. Mwezi wa tatu wazazi walipokaribishwa tena alifika mwanzo kabisa, amejibana kwenye kiti cha mtoto, na Nkatha akamweleza habari za mito inayoyeyuka, polepole, kwa Kiingereza safi, kama ambavyo angemweleza mgeni yeyote. Alimpigia makofi. Mwalimu akamsifu Nkatha kwa ufasaha wake.

Ukitaka kujua kama mtoto alisahau kweli, njoo kanisani kwetu baada ya ibada. Kutoka kwenye ngazi utamsikia chini akimsimulia Mama Christina mambo ya wiki nzima, kwa Kiswahili kilichonyooka, na kicheko juu yake. Anaongea hivyo mpaka mlango ufunguke na baba yake aingie. Hapo hugeuka akasema, "Hi, Daddy," na kuanza kutafuta koti lake.

Kwa hiyo siku hizi Jairus haingii. Anakaa kwenye ngazi ya mwisho, nje ya mlango, lijitu zima na buti zake zenye theluji, akimsikiliza binti yake. Mkewe akimwita kutoka juu kwamba wanachelewa, anamwashiria kwa mkono kwamba asubiri kidogo.