Draya Yangu na Beringi za Wifi

Mteja kaketi kwenye kiti cha saluni yangu ya nyumbani, maji yanamchuruzika kutoka kichwani mpaka mgongoni, halafu draya haipo.

Nikafungua kila droo. Haipo.

Mara nikaisikia inavuma sebuleni. Kuingia, namkuta mume wangu amepakata fremu ya baiskeli, anaipuliza hewa ya moto.

"We Injinia, unaikausha au unaisuka?"

Jamani, mume wangu anauza mapazia. Hilo jina la Injinia alijipa mwenyewe siku aliyotengeneza pasi ya jirani, na hiyo pasi haijawaka tena hadi leo.

Fremu ilikuwa ya wifi yangu, mdogo wake wa kike, ambaye hushindana kwa baiskeli za milimani. Jumamosi walikuwa wanachagua timu. Beringi mbili za kiungo cha nyuma, pale fremu inapocheza ukipita kwenye mashimo, zilikuwa zimekwama kwa matope. Lazima zitoke. Na fremu ikipasuka, hana nyingine, mazoezi yote yamekwenda na maji.

Wifi mwenyewe alikuwa pembeni anang'ata kucha.

"Joto linatanua fremu," Injinia akanielimisha. Kisha akanyanyua nyundo.

"Kaka," wifi akasema, "ukiipasua hiyo, Jumamosi utanibeba mgongoni mlima mzima."

"Weka nyundo chini," nami nikadakia.

"Wewe msusi, unajua nini kuhusu beringi?"

"Najua kufumua. Nywele zikigoma sipigi mteja nyundo. Nalainisha, navuta taratibu."

Mteja wangu alikuwa amenifuata, taulo kichwani. "Na hata hivyo anaumiza," akasema.

Injinia akanuna, ila akaenda kwa fundi baiskeli kuazima vifaa. Akarudi na bolti ndefu, nati yake, na soketi mbili: ndogo ya kusukuma beringi, kubwa ya kuipokea upande wa pili. Unakaza nati, beringi inahama polepole, fremu haipigwi hata kofi.

Mteja akashika draya, mimi nikashika spana.

Tik! Ya kwanza ikaingia ndani ya soketi. Ya pili nayo ikafuata. Wifi akacheka huku machozi yanamtoka.

Injinia akaweka beringi mpya kwenye friza, eti zisinyae kidogo ziingie kirahisi. Zile kuukuu nikaziomba mimi.

Nilitaka hereni, msinicheke. Nikabandua vifuniko vyake kwa pini, nikaosha matope yote, nikapaka grisi ili zizunguke nikitikisa kichwa. Nikaziacha kwenye kisahani mbele ya kioo.

Asubuhi yake nambana mteja nywele, mdomo umejaa pini, Injinia akachungulia.

"Umenitolea tayari?"

Nikadhani anaulizia shati lake. "Mmh."

Jumamosi wifi akashika nafasi ya pili na kuingia timu. Niliruka mpaka kiatu kikanitoka. Injinia naye alitamba siku nzima: "Mmeona kazi ya beringi mpya?"

Jumapili natoa samaki kwenye friza. Chini yake kuna kifurushi.

Beringi mpya. Zote mbili. Zimeganda.

Kumbe asubuhi ile Injinia aliulizia beringi za friza, akachukua zile safi za kwenye kisahani akidhani ndizo mpya. Wifi yangu alishuka mlima mzima juu ya hereni zangu! Na kama zingetolewa kwa nyundo, zingeumia kwa ndani, na sijui tungekuwa tunamtafutia hospitali gani.

Nikawaita wote wawili, nikawaonyesha kifurushi. Injinia akachukua spana, akaifuata baiskeli. Wifi alicheka hadi akashika ukuta.

"Usiziguse tena, kaka," akasema. "Hizo ndizo zimeniingiza timu."

Basi zile mpya ninazo mimi masikioni. Wateja wanauliza nimenunua wapi, nami nawaelekeza kwa Injinia.

Nililojifunza ni hili: unapotoa kitu mahali pake, kitoe kizima, hata kama unadhani unakwenda kukitupa. Kesho mtu unayempenda anaweza kukitegemea.

Na ukiwa na pini mdomoni, usimjibu mumeo.